Makuti, Mabati na Chumvi ya Bahari



Kamati iliponiomba niandike ukurasa wa historia katika kijitabu hiki cha miaka kumi, ilitaka habari za kikundi: tulianza wangapi, sanduku la kwanza lilikuwa na kufuli ngapi, nani alishika funguo. Hayo katibu ameyaeleza katika kurasa zilizotangulia, tena vizuri. Mimi nimeomba ruhusa niandike juu ya mapaa.

Hebu hesabuni wenyewe zamu zetu. Ukiondoa karo za watoto, pesa nyingi tulizopeana zimeishia kwenye paa. Na mkutano mkuu ujao utakata shauri juu ya mfuko wa nyumba: mwanachama atakopeshwa pesa za kuezeka, naye atazilipa kidogo kidogo kwa miaka kadhaa. Sasa jamani, itakuwaje kwa yule ambaye paa lake litakwisha kabla ya deni lake? Hapo ndipo ilipo shida, na ndiyo maana inafaa tujue mapaa yametoka wapi na hudumu muda gani hapa kwetu Pwani, penye jua, masika na upepo wa bahari.

Tuanze na ya kwetu. Wazee wa Kimijikenda katika makaya waliezeka kwa nyasi, paa likashuka mpaka karibu na ardhi. Penye minazi watu waliezeka kwa makuti, na mpaka leo tunaezeka. Sina haja ya kuwafundisha tofauti ya kuti la kumba, lile la kusukwa zima kwa ajili ya ua na choo, na kuti la viungo, ambalo majani yake hukunjwa juu ya ufito yakashonwa. Hilo la pili ndilo la paa. Wanaume hupanda juu kufunga, lakini kuti lenyewe aghalabu limeshonwa na mwanamke, pengine usiku kwa kibatari baada ya kulaza watoto.

Paa la makuti huishi miaka mitano hivi mpaka kumi. Mbona tofauti kubwa hivyo? Jambo la kwanza ni mteremko. Paa likisimama nyuzi 45 hivi, maji hukimbia na kuti hukauka mapema. Likilala, maji hukaa, kuti huoza na wadudu huingia. La pili ni kubana. Mtu akiyaachanisha makuti ili anunue machache, ameokoa pesa mwaka huu, na mwaka wa nne atazilipa zote na ziada. Makuti ya hoteli za Diani na Watamu hukaa kuliko yetu, ilhali yameshonwa na mikono hii hii. Wao wana pesa za kubana, na fundi wao ameambiwa ainue paa juu. La tatu ni moshi. Paa la jikoni, ambako kuni huwaka kila siku, huwa jeusi, kavu, na wadudu hawalipendi. Bibi zetu waliopikia ndani walikuwa wakilitibu paa bila kujua, au pengine walijua wakanyamaza. Vifua vyao ndivyo vilivyolipa gharama, hilo pia tulitaje.

Adui mkubwa wa makuti ni moto. Mwezi wa Agosti 1505, Wareno chini ya Francisco de Almeida walipouvamia mji wa Mombasa, waliutia moto, nao ukawaka usiku kucha. Nyumba za mawe na za makuti zilikuwa zimebanana, na zile za makuti zikaueneza. Hata hivyo Wareno wenyewe walilichukua neno letu: katika Kisiwa cha Msumbiji, upande mmoja wa mji waliuita wa mawe, na mwingine wa Macuti, na jina hilo lipo hadi leo.

Matajiri wa miji ya kale walitaka paa lisiloungua. Walilaza boriti za mikoko, juu yake mawe ya matumbawe, halafu chokaa iliyopondwa mpaka ikawa sakafu. Urefu wa boriti ndio uliopima chumba, kwa hiyo vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu lakini vyembamba, havifiki mita tatu kwa upana. Paa hilo lilidumu vizazi, lakini kwa sharti kwamba kila ufa uzibwe kabla ya masika. Ukiuacha, maji hufika kwenye boriti, na boriti ikioza tani za mawe huanguka. Nendeni Gedi, mji ulioachwa mwanzoni mwa karne ya 17. Kuta zipo, milango ipo, visima vipo. Paa hakuna. Kilwa Kisiwani, baadhi ya kuba za Msikiti Mkuu bado zimesimama baada ya karne nyingi, kwa sababu zilijengwa kwa mawe na chokaa peke yake, bila mti wa kuoza ndani. Na katika Mji Mkongwe wa Unguja, wenye nyumba walipochoka kukarabati mapaa yao bapa, wengi waliyafunika kwa kitu kipya kilicholetwa na meli, yaani mabati.

Bati la mikunjo lilibuniwa London mwaka 1829 na mhandisi Henry Robinson Palmer. Ile mikunjo hulipa bati jembamba nguvu ya kusimama, kama vile karatasi ukiikunja kunja haipindi ovyo. Lakini lilikuwa chuma kitupu, na kutu ililimaliza upesi. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyuka. Tangu hapo mabati yakaenea duniani, maana ni mepesi, hupangwa melini kama sahani, na fundi yeyote mwenye nyundo huyaweza. Nairobi, iliyoanza kama kambi ya reli mwaka 1899, ilikua chini ya mabati. Aliyekosa pesa za bati alipasua madebe ya mafuta ya taa, akayanyoosha, akaezekea hayo hayo. Wazee wa Majengo na Pumwani wanayakumbuka mapaa ya madebe.

Sasa nafika mahali panapotuhusu sisi hasa. Katika miaka ya 1960 na 1970, akina mama wa Nyeri na sehemu nyingine za Mkoa wa Kati wa wakati huo waliunda vikundi ambavyo watu waliviita vikundi vya mabati. Kila mwezi walichanga kidogo. Penye upungufu walikwenda kulima mashamba ya watu kwa ujira, wakatia ujira huo katika mfuko. Halafu nyumba moja baada ya nyingine, kwa zamu, wakang'oa nyasi na kuezeka bati. Msidhani ilikuwa ni kupenda kujionyesha. Nyasi za kuezekea zilikuwa zimeadimika kadiri ardhi ilivyogawanywa na kulimwa, na kwenda kuzitafuta ilikuwa kazi ya mwanamke. Pia paa la nyasi halikingi maji ya kunywa, ila bati likiwekewa mfereji na pipa, mama amepunguziwa safari za mtoni. Mapaa yalipokamilika, vikundi vingine viliendelea na matangi ya maji na ng'ombe wa gredi. Sisi na mari-go-raundi yetu ni wajukuu wa akina mama wale, hata kama hakuna kati yetu aliyezaliwa huko.

Ila Nyeri si Kilifi. Ukiuliza katika mkutano wowote bati hudumu miaka mingapi, shangazi aliyetoka bara atasema arubaini, na jirani anayeishi karibu na ufuo atasema hata sita hayafiki. Wote wawili ni wakweli. Tufanye hesabu, mweka hazina anisahihishe.

Kinacholinda bati ni ile ngozi ya zinki, na zinki huliwa kidogo kidogo na hewa. Bati zuri huwa na gramu 275 za zinki kwa kila mita ya mraba, pande mbili zikijumlishwa. Hiyo ni kama mikroni 20 kila upande, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Bati la bei rahisi lenye gramu 100 lina mikroni 7 tu kila upande. Katika hewa safi na kavu ya bara, zinki hupungua chini ya mikroni moja kwa mwaka. Penye chumvi nyingi ya bahari, viwango vya kimataifa vya kupimia kutu vinasema hupungua mikroni 4 mpaka 8 kwa mwaka, na mahali pabaya zaidi hupita hapo. Basi chukua nusu mikroni kwa bara: bati zuri litakaa na zinki yake miaka 40, na lile jepesi miaka 14. Chukua mikroni 5 kwa ufuoni: bati zuri miaka minne, na lile jepesi hata miaka miwili halifiki. Hapo paa bado halijatoboka, ni zinki tu imekwisha. Lakini chuma kikishabaki uchi mbele ya upepo wa kusi, mnajua wenyewe kinavyomeguka kama mkate mkavu.

Chumvi hiyo hupungua upesi kadiri unavyouacha ufuo. Wanachama wetu wa ng'ambo ya barabara kuu, ndani huko penye mikorosho, wana hali tofauti kabisa na sisi tunaosikia mawimbi usiku. Na kutu haianzii unapodhani. Huanza kwenye misumari, penye maungio ya bati na bati, na chini ya upenu, kule kusikofikiwa na mvua. Juu ya paa mvua huiosha chumvi, lakini chini ya baraza chumvi hukaa, ikanyonya umande kila alfajiri. Ndoo chache za maji baridi, yasiyo ya chumvi, zikirushwa chini ya upenu mara kwa mara wakati wa kiangazi husaidia kweli.

Kuna bati jingine ambalo wauzaji wetu wanalo. Mwaka 1972 kampuni ya Bethlehem Steel ya Marekani ilianza kuuza mabati yaliyochovywa katika mchanganyiko wa aluminiamu asilimia 55, zinki asilimia 43 na kitu, na silikoni kidogo. Ngozi hii hudumu mara mbili mpaka mara nne kuliko zinki tupu ya unene ule ule. Kwa mtu wa ufuoni, hili ndilo la kuuliza. Lakini lisiguswe na chokaa wala saruji mbichi, kwa maana aluminiamu huliwa na vitu hivyo. Rangi juu yake huongeza umri, ila rangi pia huficha, na bati jepesi likipakwa rangi nyekundu hupendeza dukani sawasawa na lile zuri. Na geji msije mkachanganyikiwa: namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 32 ni nyepesi kuliko 28, hata fundi aseme nini.

Vigae nitavitaja kwa ufupi. Kiwanda cha kwanza cha vigae vya Mangalore, India, kilianzishwa na Misheni ya Basel mwaka 1865, na vigae hivyo vikavuka bahari hadi miji yetu. Chumvi haivisumbui, na kigae kizuri hupita miaka mia. Lakini mita moja ya mraba hufika kilo 40 hivi, wakati ya bati jembamba haifiki hata kilo nne, kwa hiyo mbao na kuta lazima ziwe za watu wenye uwezo. Asbestosi msiiguse. Ilidumu sana, lakini vumbi lake huleta saratani, na mwenye paa kuukuu la asbestosi asilivunje mwenyewe.

Limebaki jambo moja ambalo najua litazua kelele. Wengi wetu tunaishi kwa kushona makuti, na mfuko wetu wenyewe ulianza kwa pesa za makuti. Mfuko wa nyumba ukiwa wa mabati tu, tutakuwa tumemfungia mlango mteja wetu. Mimi maoni yangu ni kwamba mkopo uruhusu yote mawili: makuti ya kubana, mteremko mkali, deni la muda mfupi, au bati la aluminiamu na zinki kwa deni refu kidogo. Bati jepesi la zinki tupu karibu na ufuo lisikopeshewe kabisa. Anayepinga aje aseme.

Bei kutoka madukani zitaletwa mkutanoni, na kila bei iandikwe pamoja na geji na gramu za ile ngozi. Naomba pia kila mwanachama aje na mambo matatu kwenye karatasi: nyumba yake iliezekwa mwaka gani, kwa kitu gani, na ilianza kuvuja lini. Asiyekumbuka amwulize mama mkwe.