Mkono Ulioandika na Mkono Uliopika

Katika nyumba za walowezi wa Kiingereza huko Amerika, daftari la mapishi lilikuwa mali ya ukoo. Mashuhuri kuliko yote ni lile la Martha Washington. Lilimfikia katikati ya karne ya 18 kutoka katika ukoo wa mumewe wa kwanza, Daniel Parke Custis, na mwaka 1799 akamrithisha mjukuu wake Eleanor. Lina maelekezo zaidi ya 500, yaliyonakiliwa kwa mkono. Hata hivyo, upishi wake ni wa Uingereza ya karne ya 17, kana kwamba waliolitunza hawakupata kuvuka bahari.

Chungu kilikuwa kimevuka zamani. Walowezi wa Jamestown, Virginia, walifika mwaka 1607, na wengi wao wakafa kwa njaa majira ya baridi ya 1609 hadi 1610. Walionusurika na waliowafuata walijifunza kula mahindi, nafaka ya wenyeji, ambao waliyapanda pamoja na maharage na maboga, wakayachemsha katika maji ya majivu hata ganda likatoka. Waingereza, waliowaita wenyeji hao Wahindi, wakauita unga wake unga wa Kihindi. Nasi huku tumeipa nafaka hiyo hiyo jina linaloelekeza Bara Hindi, ingawa asili yake ni Amerika!

Huko Carolina, mpunga ulilimwa na watumwa, wengi wao wakiwa wametoka katika nchi za Afrika Magharibi zilizoujua mpunga tangu kale. Bamia, kunde na ufuta navyo vikaingia jikoni kwa njia hiyo ya utumwa.

Vyakula hivi vilikawia kuingia vitabuni. Kitabu cha kwanza cha upishi kupigwa chapa katika makoloni hayo, mjini Williamsburg mwaka 1742, kilikuwa cha Eliza Smith, kilichokwisha kutoka London. Ilikuwa hadi mwaka 1796, miaka 20 baada ya kutangazwa uhuru, ndipo Amelia Simmons alipotoa kitabu chake mjini Hartford, chenye mikate na vitamu vya unga wa mahindi. Alijitambulisha kuwa yatima wa Kimarekani. Kwa kuwa elimu yake haikutosha kukitayarisha kwa mpiga chapa, alimwajiri mtu amwandikie. Kisha akalazimika kuwatangazia wasomaji kwamba mtu huyo ameacha vitu vya lazima na kutia vingine bila idhini yake. Mwalimu yeyote ataelewa uchungu wa mwanamke aliyeijua kazi yake barabara, ila kalamu ikawa ya mwingine.

Lakini Simmons alikuwa na jina juu ya jalada. Katika nyumba za wakubwa wa Virginia wapishi walikuwa watumwa. Hercules, mpishi wa George Washington, alitoroka Mount Vernon mwezi Februari 1797, akaenda na ujuzi wake wote. James Hemings, mtumwa wa Thomas Jefferson, alipelekwa Ufaransa mwaka 1784 kujifunza upishi. Aliahidiwa uhuru kwa sharti la kumfundisha mwingine ustadi huo; akamfundisha ndugu yake Peter, naye akaachiwa huru mwaka 1796. Kabla ya kuondoka aliandika kwa mkono wake orodha ya vyombo vya jikoni. Orodha hiyo imehifadhiwa hadi leo. Peter alibaki jikoni, bado mtumwa.