ART (tiba ya meno)

Makala hii inahusu njia ya kuziba meno. Kwa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, tazama ARV.

ART (kifupi cha jina la Kiingereza lenye maana ya "tiba ya kurejesha jino bila kuliumiza") ni njia ya kutibu jino lililooza kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine ya kutoboa, bila umeme na mara nyingi bila sindano ya ganzi. Sehemu iliyooza hukwanguliwa, kisha tundu huzibwa kwa saruji maalumu inayogandamana na jino. Njia hiyo ilianzia nchini Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Leo inatumika katika nchi nyingi, hasa kwa watu ambao huduma ya kawaida ya meno haiwafikii kwa urahisi: wakazi wa vijijini, watoto wa shule, wakimbizi, wazee na watu wenye ulemavu.

Sababu za kuanzishwa

Kuoza kwa meno ni kati ya magonjwa yaliyoenea kuliko yote duniani. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba watu bilioni 3.5 wana ugonjwa fulani wa kinywa, na kwamba takriban bilioni 2 kati yao wana meno ya ukubwani yaliyooza bila kutibiwa.

Kuziba jino kwa njia ya kawaida kunahitaji kiti maalumu, mashine ya kutoboa, umeme na maji ya bomba. Pale visipokuwepo, mgonjwa hubaki na njia mbili tu: kuvumilia maumivu au kung'olewa jino. Ndiyo maana kwa miaka mingi watu wengi wa vijijini barani Afrika walimjua mganga wa meno kama mtu wa kung'oa tu.

Historia

Njia ya ART ilibuniwa na mtaalamu wa meno Mholanzi Jo Frencken na wenzake, katika mpango wa afya ya kinywa kwa jamii uliohusishwa na shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwanzoni walitumia saruji ya aina ya polikaboksilati. Baadaye ilichukuliwa na saruji ya glasi-ionoma, iliyovumbuliwa Uingereza na Alan Wilson na Brian Kent, ambayo hushika vizuri zaidi kwenye jino na kutoa floridi.

Majaribio makubwa yalianza Thailand mwaka 1991, yakafuatwa na mengine nchini Zimbabwe na kwingineko. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani ambayo mwaka ule ilihusu afya ya kinywa, WHO iliitangaza ART rasmi. Mwaka 2021 saruji ya glasi-ionoma iliingizwa katika orodha ya WHO ya dawa muhimu.

Jinsi inavyofanyika

1. Mgonjwa hulala juu ya meza, benchi au mkeka, au hubaki katika kiti chake cha magurudumu, kichwa kikiwa kimeegemezwa vizuri.
2. Jino huzungushiwa pamba ili mate yasiingie, kisha husafishwa.
3. Mlango wa tundu ukiwa mdogo, hupanuliwa kwa kifaa kinachofanana na patasi ndogo.
4. Sehemu laini iliyooza hukwanguliwa kwa kijiko kidogo chenye makali. Karibu na kiini cha jino, sehemu iliyolainika kidogo huweza kuachwa ili kiini kisifunuliwe.
5. Saruji huchanganywa kwa mkono, huingizwa katika tundu na katika mifereji ya jino iliyo jirani, kisha hukandamizwa kwa kidole kilichopakwa mafuta ya mgando.
6. Ung'ato hupimwa na saruji ya ziada huondolewa. Mgonjwa huagizwa asile kwa muda wa saa moja.

ART haifai kwa jino lenye jipu au usaha, wala kwa jino ambalo kiini chake kimefikiwa na uozo.

Umuhimu kwa watu wenye ulemavu

Kwa mtu mwenye mtindio wa ubongo, usonji au ulemavu wa akili, mlio na mtikisiko wa mashine huweza kuleta hofu kubwa. Wengine hawawezi kutulia au kufumbua kinywa kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo wengi hutibiwa kwa nusukaputi, ambayo inahitaji hospitali kubwa, gharama na foleni ndefu. Isipopatikana, meno hung'olewa au huachwa.

Vifaa vya mkono havina mlio, na kazi inaweza kusimamishwa wakati wowote mgonjwa akitaka kupumzika. Pia vinabebeka katika mkoba, hivyo tiba inaweza kutolewa nyumbani au katika shule maalumu. Utafiti uliofanyika Argentina kwa wagonjwa wenye ulemavu ulionyesha kwamba vizibo vya ART vilidumu angalau sawa na vile vya njia ya kawaida.

Jambo hilo linahusu haki pia. Kifungu cha 25 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu (2006) kinataka wapewe huduma za afya za ubora uleule wanaopewa wengine, tena karibu na wanapoishi, hata vijijini. Kenya iliridhia mkataba huo mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009.

Mafanikio na mipaka

Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba vizibo vya upande mmoja katika meno ya utotoni hudumu kwa asilimia 93 baada ya miaka 2, na katika meno ya ukubwani kwa asilimia 80 baada ya miaka 5. Vizibo vinavyogusa pande mbili au zaidi za meno ya utotoni hudumu kwa asilimia 62 tu baada ya miaka 2. Matokeo hutegemea sana ustadi wa mtendaji na uchanganyaji sahihi wa saruji.

Baadhi ya madaktari waliidharau ART wakiiona kuwa tiba ya maskini. Hata hivyo, inatumika pia katika nchi tajiri kwa watoto waoga na wazee wasioweza kutoka nyumbani. Saruji yake haina zebaki, ambayo Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unataka matumizi yake katika meno yapunguzwe. Tena vifaa vya mkono havirushi matone ya mate hewani, faida iliyoonekana wakati wa UVIKO-19.

Hata hivyo, kuziba jino hakuzuii mengine kuoza. Kupunguza sukari na kupiga mswaki kwa dawa yenye floridi kunabaki kuwa msingi, na kwa mtu asiyeweza kujipigia mswaki kazi hiyo ni ya mlezi wake, ambaye naye anahitaji kufundishwa.

Tazama pia

- Jino
- Floridi
- Ulemavu
- Shirika la Afya Duniani