Stanley (jina)

Stanley ni jina la watu kadhaa mashuhuri wa nyakati mbalimbali. Mjini Kisangani humaanisha mmoja tu, mpelelezi Henry Morton Stanley, naye hakuzaliwa nalo.

Mwenye jina wa awali ni Henry Hope Stanley, mfanyabiashara wa pamba wa New Orleans, Marekani, mzaliwa wa Uingereza, aliyefariki mwaka 1878. Angekuwa amesahaulika zamani kama si kijana mmoja kulichukua jina lake. Kijana huyo, John Rowlands (1841–1904), alizaliwa Denbigh, Wales, akakulia katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Alifika New Orleans mwaka 1859, na baadaye akasimulia kwamba tajiri huyo alimfanya mwanawe. Waandishi wa maisha yake, Tim Jeal akiwamo, wanatilia shaka hata kama wawili hao waliwahi kuonana. Shaka hiyo ina msingi: katika masimulizi yake Stanley anamfisha baba huyo wa kulea miaka mingi kabla ya kifo chake halisi. "Morton" nalo alijiongezea mwenyewe baadaye.

Ndilo jina alilokuja nalo Kongo. Mwishoni mwa 1876 aliagana na mfanyabiashara Tippu Tip huko Vinya Njara, na Januari 1877 akayapita maporomoko saba yaliyo kati ya Ubundu na Kisangani ya leo, huku akipigana na wenyeji na mitumbwi ikiburutwa nchi kavu. La mwisho kati ya hayo ni Wagenia, ambako wavuvi hutega migono yao mikubwa kwenye miti iliyosimikwa katikati ya mkondo. Desemba 1883 alirudi kuanzisha kituo kisiwani karibu na hapo. Maporomoko yakaitwa Stanley Falls, na mji ukaja kuitwa Stanleyville. Wavuvi waliendelea kuitwa Wagenia.

Mwaka 1966 mji ulipewa jina la Kisangani, na maporomoko sasa ni Boyoma. Pool Malebo, jirani na Kinshasa, nayo iliitwa Stanley Pool. Jina limesalia Ruwenzori, mpakani mwa Kongo na Uganda: Mlima Stanley, wenye kilele cha Margherita (mita 5,109).

Ukoo wa Stanley wa Uingereza, wenye cheo cha Earl wa Derby, ni wa mbali kabisa na habari hizi, ingawa huchanganywa nazo. Edward Stanley (1799–1869) alikuwa waziri mkuu mara tatu. Mji wa Stanley katika Visiwa vya Falkland umeitwa kwa jina lake tangu alipokuwa waziri wa makoloni. Mwanawe Frederick, Gavana Mkuu wa Kanada, alitoa mwaka 1892 Kombe la Stanley, ambalo timu za mpira wa magongo wa barafuni bado zinaligombea.