Vifaa vya kale vya wazamiaji wa jeshi: kuvitambua, kuvitunza, na kwa nini visirudi ndani ya maji

Kila mara mashua inapozama ku ziwa Kivu, swali ni lile lile: nani atashuka chini kutafuta watu? Tuliuliza hivyo tarehe 3 Oktoba 2024, wakati mashua Merdi kutoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma. Mtu akiona chupa ya hewa ya zamani ya jeshi kwenye depo au sokoni, anaweza kuwaza kwamba ingesaidia. Hapana. Kifaa hicho kina faida, lakini ya historia.

Aina tatu

Ya kwanza ni kofia kubwa ya shaba, na hewa ikisukumwa na pampu toka juu. Njo vifaa vya wazamiaji wa wakati meli ya Wajerumani Graf von Götzen ilizamishwa na wenyewe ku ziwa Tanganyika, Julai 1916, ili isichukuliwe na Wabelgiji na Waingereza. Mafundi walipaka mashini grisi kwanza. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba.

Ya pili ni mfuko wa oksijeni. Mzamiaji anapumua hewa yake tena na tena, dawa fulani inaondoa gesi chafu, na hakuna mapovu yanayoonekana juu. Wanajeshi wa Italia walivaa vifaa vya namna hiyo Desemba 1941, wakaingia bandari ya Alexandria na kuharibu meli mbili kubwa za vita za Uingereza.

Ya tatu ni chupa ya hewa yenye detanda, kile kifaa kinachotoa hewa kwa kipimo kadiri mtu anavyovuta. Jacques-Yves Cousteau, ofisa wa jeshi la maji la Ufaransa, na enjinia Émile Gagnan waliitengeneza mwaka 1943. Nyuma ya vita, wanajeshi wa Toulon waliitumia katika kazi ya kuondoa mabomu baharini.

Namna ya kuchunguza

Anza na maandishi. Kwenye shingo ya chupa kunapigwa jina la kiwanda, namba, kipimo cha nguvu ya hewa na tarehe za kupimwa. Vifaa vya majeshi ya NATO vina namba ya tarakimu 13: ya tano na ya sita zinaonyesha inchi iliyoiandikisha. 13 ni Ubelgiji, 14 Ufaransa, 99 Uingereza. Piga picha mbele ya kusafisha chochote. Usikwangue rangi, sababu rangi ya kwanza nayo ni ushuhuda. Andika pia umekitoa wapi, na uchunge karatasi ya kununua: mali ya jeshi bila karatasi inaweza kukuletea shida.

Hatari zake

Mpira hukauka na kupasuka. Chupa inashika kutu ndani, na ukiijaza inaweza kulipuka. Mafuta yakikutana na oksijeni, moto unawaka; kwa hiyo usipake mafuta. Dawa ya zamani ndani ya mfuko wa oksijeni inachoma ngozi na mapafu. Saa na vipimo vya kina vya zamani vilipakwa radiamu ili ving'ae gizani: mwanga umekufa, lakini mionzi ingali, maana nguvu yake inapungua nusu tu kwa miaka 1600 hivi. Usivifungue kamwe.

Tena, oksijeni tupu inageuka sumu mzamiaji akipita mita 6 hivi. Anaweza kushikwa na degedege na kuzama. Na ziwa letu liko mita 1460 hivi juu ya bahari. Hewa ya juu hapa ni nyepesi, kwa hiyo hesabu za kupanda polepole zilizoandikwa kwa bahari hazitoshi hapa: anayezifuata anaweza kupata mapovu ndani ya damu, hata kupooza.

Njo maana tunasema: ukipata kifaa cha namna hiyo, kiweke mahali pakavu, kisimulie, kionyeshe watoto wa shule. Ukiona chuma cha vita ku pwani, usikiguse, ita wenye mamlaka. Na anayetaka kuokoa watu ajifunze kwanza, kwa vifaa vipya vilivyopimwa. Mwokozi akizama, familia inalia mara mbili.