Kuhama au Kuunganisha? Analojia na Dijitali katika Historia ya Simu za Ofisini

Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia, tarehe 31 Desemba 2012, neno analojia limezidi kubeba katika Kiswahili maana ya kitu kilichopitwa na wakati. Nchini Kenya, kampeni za uchaguzi wa 2013 ziliwagawa kwa jozi hiyo hiyo wanasiasa wa kale na wa kizazi kipya. Kitenzi kilichoandamana nayo ni kuhama. Historia ya simu za ofisini inakipinga kitenzi hicho.

Wazo la kuigeuza sauti kuwa tarakimu si geni: Mwingereza Alec Reeves aliomba hataza yake nchini Ufaransa mwaka 1938, na kampuni ya Bell ikaanza kulitumia katika njia za simu za Marekani mwaka 1962. Hata hivyo, ofisi nyingi ziliponunua swichibodi za dijitali, laini iliyotoka kituo cha simu ilikuwa bado jozi ya nyaya za shaba ya analojia. Mpaka wa mifumo hiyo miwili ukawa ndani ya swichibodi yenyewe, kwenye kadi ya laini: sauti ilipimwa mara 8,000 kwa sekunde na kila kipimo kuandikwa kwa biti 8, yaani biti 64,000 kwa sekunde. Laini ya E1 ilipofika, ikibeba mazungumzo 30 kwa pamoja, kazi iligeuka. Sasa dijitali ndiyo iliyorudishwa kuwa analojia kwa ajili ya faksi na simu za kawaida za mezani. Simu ya analojia iliyochomekwa kwenye tundu la simu ya dijitali ilikaa kimya, ingawa waya ni ule ule.

Waraka wa ununuzi unaoagiza tu "kuhamia dijitali" haumwambii fundi laini ipi ibakizwe. Unaoagiza "kuunganisha" humlazimu kuitaja. Tofauti hiyo huonekana umeme unapokatika. Swichibodi hutegemea umeme wa jengo, ilhali laini ya analojia hupata volti zipatazo 48 kutoka betri za kituo cha simu. Kwa sababu hiyo, swichibodi nyingi ziliwekewa swichi ambayo, umeme ukizimika, huiunga laini ya nje moja kwa moja na simu moja ya analojia, aghalabu ya mapokezi au ya mlinzi.