Mtoto wa Jicho la Kioo

Watu wa pwani huuita utandu mweupe unaofunika mboni ya binadamu mtoto wa jicho. Kamera nayo ina jicho, na jicho hilo nalo huota utandu. Lenzi iliyoundwa miaka sitini au mia iliyopita, ikielekezwa kwenye mwanga, mara nyingi huonyesha ukungu ndani yake. Picha ipitayo humo hutoka imepauka, weusi wake umegeuka kijivu. Mwenye haraka huitupa. Mwenye subira huuliza kwanza ukungu huo umetoka wapi.

Upigaji picha ulitangazwa Paris mwaka 1839, wala haukukawia kuvuka bahari. Mwaka 1860 James Augustus Grant, aliyefuatana na John Hanning Speke kutafuta chimbuko la Mto Nile, alipiga picha mjini Unguja, na picha hizo ni miongoni mwa zile za mwanzo kabisa za kisiwa hicho. Bara kamera haikufika mbali. Kutayarisha vioo vya picha ndani ya hema dogo lenye joto kulihatarisha uhai wa Grant, na Speke akairudisha pwani kabla msafara haujaingia Ugogo. Ndiyo sababu Mgunda Mkali, nyika iliyotenganisha Ugogo na Unyamwezi, katika pande za Itigi na Mitundu za mkoa wa Singida wa leo, ilipitwa na msafara ule bila kupigwa picha. Grant alibaki na karatasi na rangi zake.

Lau lenzi ile ingeishia Mitundu, adui yake angekuwa vumbi. Kiangazi cha huko ni kirefu, na kuvu haistawi pakavu. Kisiwani mambo ni kinyume. Masika na vuli huleta unyevu, upepo wa bahari huleta chumvi, na kuvu hupata makazi ndani ya lenzi iliyofungiwa kabatini gizani. Katika hali hiyo ndimo walimofanyia kazi wapigapicha wa Mji Mkongwe: A. C. Gomes, mwenye asili ya Goa, katika kizazi cha kwanza. Na Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930, kazi iliyoendelezwa na mwanawe Rohit. Nyuso za maarusi, watawala na watoto wa mitaani zilizosalia hadi leo zilipita katika vioo vilivyopaswa kulindwa dhidi ya hewa ile ile iliyovuvia matanga ya majahazi.

Lakini si kila ukungu ni kuvu. Lenzi njema si kipande kimoja cha kioo. Tangu karne ya 18 ilijulikana kwamba kioo kimoja huchanguachangua rangi za mwanga, na kwamba vipande viwili vya aina mbili, vikiunganishwa, hurekebishana. Kila uso wa kioo unaokutana na hewa hurudisha nyuma takriban asilimia 4 ya mwanga. Basi mafundi wakaona heri kuvigandisha vipande hivyo ili mwanga upite kana kwamba hakuna mpaka. Ilihitajika gundi angavu, yenye kupinda mwanga karibu sawa na kioo chenyewe.

Utomvu haukuwa kitu kigeni kwa Zanzibar. Sandarusi iliyochimbwa katika udongo wa Mrima ilikuwa miongoni mwa bidhaa kuu za soko la Unguja katika karne ya 19. Baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, merikebu za Salem ziliipakia kwa wingi ili igeuzwe vanishi. Gundi ya lenzi, hata hivyo, haikuwa sandarusi. Ilikuwa zeri ya Kanada, utomvu wa mti wa nchi za baridi wa jamii ya misonobari. Kwa zaidi ya miaka mia moja zeri hiyo ndiyo iliyoshika macho ya kamera za dunia, hadi gundi za viwandani zilipoichukulia nafasi katikati ya karne ya 20.

Zeri huzeeka. Joto huilegeza, miaka huikausha na kuitia umanjano, na mwisho huachana na kioo. Hapo fundi hutambua maradhi kwa kurunzi iliyoelekezwa kwa mshazari. Utandu mwepesi ulioenea uso mzima kwa kawaida ni mvuke wa mafuta ya kulainishia. Hufutwa kwa spiriti na kitambaa laini. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu; nayo huondoka, lakini ikiwa imekwisha kula kioo, alama yake haiondoki. Mawimbi yenye rangi za upinde wa mvua, au madoa kama majani ya barafu yanayoanzia ukingoni, ni dalili ya gundi iliyoachia, na kufuta juu juu hakusaidii kitu.

Dawa ya maradhi haya ya tatu ni moto na subira. Fundi huchora alama ya penseli ukingoni, ili vipande vikirudishwa vikae kama vilivyokuwa. Hupasha joto kidogo kidogo, kwani kioo kikishtuliwa hupasuka, mpaka zeri ilainike na vipande viteleze. Husafisha utomvu wa zamani kwa asetoni au zailini, hutia tone jipya katikati, hukandamiza hadi mapovu yatoke pembeni, kisha huvilinganisha vipande ili vitovu vyake viwe mstari mmoja. Vikihama kwa unywele tu, picha huharibika.

Mafundi wengi wa leo hutumia gundi inayogandishwa kwa mwanga wa urujuanimno. Ni imara na ya haraka, lakini kuitengua ni kazi nzito, ilhali zeri hulegea tena kwa joto. Aliyeitumia zeri alimwachia fundi wa baadaye uwezo wa kuirudia kazi yake. Kinyume chake ni yule anayekisugua kioo kilicholiwa na kuvu mpaka king'ae: hubadili mchongo wake, na lenzi haioni tena kama ilivyoona siku ya harusi ile ya mwaka 1930 na kitu. Yenye makovu machache hupiga picha bado. Ipewe mahali pakavu, itolewe kabatini mara kwa mara, iachwe na makovu yake.