Kupanda milima ya Livingstone alfajiri: Mambo ya kujua kabla hujatoka Matema gizani

Kyela. Ukifika Matema kwa mara ya kwanza, macho yanaenda sehemu mbili. Mbele yako kuna Ziwa Nyasa na mchanga wake. Upande wa mashariki kuna ukuta wa milima ya Livingstone, umesimama karibu kabisa na maji.

Vijana wengi wanaokuja kutembea wikiendi wanawaza kitu kimoja: kuamka usiku, kupanda, kisha kupiga picha ziwa likiwa chini yao asubuhi. Wazo ni zuri. Shida ni kwamba wengi wanaliogopa giza la alfajiri na kulisahau la jioni, ambalo ndilo linaloleta majanga.

Kanuni ya kushika ni hii: anza gizani, maliza kwenye mwanga.

Kwa nini watu wanatoka usiku?

Sababu ya kwanza ni joto. Ufukwe wa Kyela uko chini, chini ya mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, na kileleni mwa safu hiyo ni zaidi ya mita 2,000. Ukianza kupanda saa 3 asubuhi, jua la mchana litakukuta katikati ya mteremko na maji yameisha.

Sababu ya pili ni mvua. Kyela ni kati ya wilaya zinazopata mvua nyingi zaidi nchini, na katika msimu wake radi na mvua kubwa hupenda kuja baada ya mchana. Aliyetoka mapema anakuwa ameshashuka.

Hata wapandaji wa Kilimanjaro hufanya hivyo. Wanatoka Kibo, mita 4,720, mnamo saa 6 usiku ili wafike Uhuru, mita 5,895, kunapokucha. Mlima Meru, wenye mita 4,566, nao hupandwa usiku. Kote huko, giza ni la kupandia na mwanga ni wa kushukia.

Jua la Kyela lina saa zake

Hapa wageni kutoka Dar hujichanganya. Saa ya ukutani ni ileile nchi nzima, lakini Kyela iko magharibi zaidi. Jua huchomoza kwa kuchelewa kati ya dakika 15 na 25 ukilinganisha na Dar, kutegemea mwezi.

Kwa makadirio, mwezi Juni jua huchomoza Kyela karibu saa 1 kamili asubuhi na kuzama saa 12:30 jioni na dakika chache. Desemba huchomoza saa 12:20 asubuhi na kuzama saa 1 usiku.

Hayo ni makadirio ya mahali palipo wazi. Matema siyo wazi. Milima iko mashariki, kwa hiyo jua linaweza kuwa limeshachomoza Kyela mjini huku wewe ukiwa bado kivulini. Mwanga wa kuona njia utaupata, ila jua lenyewe litachelewa.

Jioni mambo yanageuka. Mteremko wa Matema unatazama magharibi, hivyo jua linakupiga usoni mpaka dakika ya mwisho na unaona kama una muda wa kutosha. Huna. Huku kwetu karibu na ikweta jioni haina maringo: jua likishazama, mwanga wa kuona njia vizuri unabaki kama dakika 20 hadi 25 tu. Kwenye mabonde na chini ya miti ni pungufu ya hapo.

Kwa nini kushuka gizani ni hatari zaidi

Ukipanda, uso wako uko karibu na ardhi na mwendo ni wa polepole. Ukiteleza, unaangukia mikono. Ukishuka, mwili unakusukuma mbele, magoti yamechoka, na tochi inaangaza sehemu ya juu ya jiwe huku nyuma yake kukiwa na kivuli cheusi. Hujui kama ni hatua moja au ni korongo.

Halafu kuna uchovu. Aliyeanza saa 10 alfajiri, kufika saa 12 jioni ameshakuwa macho zaidi ya saa 14. Hapo ndipo mtu anasema "tukatize hapa, ni karibu", na kundi linapotea.

Dawa yake ni saa ya kugeuza. Kabla hamjatoka, kubalianeni: ikifika saa 5 asubuhi, popote tulipo, tunageuka. Kama kilele hamjakiona, kitakuwepo wiki ijayo. Kusudio ni kuwa ufukweni kabla ya saa 10 jioni, ili hata mtu akiumia mguu mbaki na saa mbili za mwanga.

Mito na ufukwe: usiku siyo mahali pa kukatiza

Wilaya ya Kyela imepitiwa na mito mikubwa inayoingia ziwani: Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Matembezi ya ufukweni usiku yanaonekana mepesi kuliko mlima, lakini midomo ya mito ina mamba, na usiku huwezi kumwona.

Usivuke mto kwa miguu gizani, hata kama mchana ulivuka maji yakiwa ya magotini. Mvua ikinyesha juu milimani, maji yanaweza kujaa huku chini kukiwa kukavu kabisa. Vijito vinavyoshuka Livingstone vina tabia hiyohiyo. Ukikuta maji yamebadilika rangi na kuwa ya tope, rudi ulikotoka au subiri.

Masika, hasa Machi hadi Mei, siyo msimu wa kupanda usiku. Udongo unateleza na njia zinakatika. Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, ndiyo mizuri.

Mbaramwezi: usiutegemee peke yake

Mwezi mpevu huchomoza jua linapozama, na kila siku inayofuata huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Kwa hiyo siku chache baada ya mwezi mpevu, alfajiri inakuwa na mbaramwezi mzuri. Lakini na mwezi nao huchomoza mashariki, nyuma ya milima ileile, kwa hiyo Matema huchelewa kuuona.

Usiku wa giza totoro una uzuri wake pia. Ndio usiku wa wavuvi wa usipa, wanaovutia samaki kwa taa. Ukiwa juu, utaona ziwa lina nukta za mwanga kama mji. Usizifuate ukidhani ni nyumba.

Vitu vya kubeba

- Tochi ya kichwani, moja kwa kila mtu. Tochi ya simu inamaliza chaji na inakunyima mkono mmoja.
- Betri za akiba, na pawabenki ya simu.
- Ramani uliyoipakua kabla. Milimani mtandao unakuja na kuondoka.
- Maji, angalau lita 3 kwa mtu, na chakula.
- Sweta au koti. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa takribani nyuzi 6. Ufukweni unatoka jasho, juu unatetemeka.
- Viatu vinavyofunika kifundo na suruali ndefu.
- Filimbi. Sauti yake inafika mbali kuliko kelele zako.
- Dawa ya kufukuza mbu. Mbu wa malaria huuma usiku, na ukanda huu una malaria.

Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Weka mwanga wa tochi chini na usimmulike mwenzako usoni, maana utamfanya aanze upya.

Nyoka

Wa kumwogopa zaidi ni kifutu. Hutembea usiku, rangi yake inafanana na majani makavu, na mara nyingi hakimbii ukimkaribia. Angalia unapoweka mguu, na usiingize mkono kwenye jiwe usiloliona nyuma yake.

Mtu akiumwa, usichanje, usinyonye na usifunge kamba ya kubana. Mvue pete na viatu, mtulize, funga kiungo na kijiti kisitikisike, kisha mbebeni mpaka hospitali. Matema kuna hospitali, na Kyela mjini kuna hospitali ya wilaya. Namba za dharura ni 112 na 114 ya Zimamoto na Uokoaji.

Piga hodi kwanza

Njia hizi hazikuwekwa kwa ajili ya watalii. Ni njia za watu wa Matema, za Wakisi wa Ikombe wanaofinyanga vyungu, na za Wakinga wa juu Makete wanaoshuka na biashara. Chini zinapita kwenye migomba na mashamba ya kakao ya watu.

Sasa fikiria mwenye shamba anaona tochi nne za watu asiowajua saa 10 alfajiri. Ana haki ya kudhani ni wezi. Kwa hiyo siku moja kabla, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, jitambulishe, sema mko wangapi, mnapita wapi na mtarudi saa ngapi. Hiyo inakulinda mara mbili: hamtashukiwa, na msiporudi kuna mtu atakayejua pa kuanza kuwatafuta.

Chukua mwenyeji wa kuwaongoza na patana naye malipo mapema. Anajua jiwe linalocheza na kijito kinachojaa. Akisema turudi, mnarudi.

Na ukikutana na mama au mzee njiani kukiwa bado giza, usipite kimya kama mzimu. Msalimie: "Mugonile." Ataitikia "Ndaga", na huenda akakwambia njia ya mbele ikoje leo.

Kwa kifupi

Toka saa 10 au 10:30 alfajiri, ukiwa na mwenyeji, na sehemu ya gizani iwe ile ya chini yenye njia pana. Kukipambazuka uwe unaingia kwenye mwinuko mkali. Saa 5 geuka. Saa 10 jioni uwe umekaa mchangani Matema, viatu pembeni, unalitazama jua likizama ukiwa huna haraka nalo.